Dawa ikimkataa mgonjwa, tumsikilize kwanza

Niko Kigoma, mwisho wa reli. Hii ni wiki yangu ya pili huku. Migebuka nimeila mpaka naona aibu kuagiza tena. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo sikulifuata huku, lakini limenikaa kichwani kuliko lile nililolifuata.

Nilikwenda Kibirizi kuandika habari za bei ya dagaa. Kwa wasiopafahamu, Kibirizi ni mwalo ulio kaskazini kidogo ya mji wa Kigoma. Ndipo samaki waliovuliwa usiku wanaposhushwa asubuhi, na ndipo yanapopakia maboti ya kwenda vijiji vya juu na hifadhi ya Gombe. Mmoja wa wavuvi hakutoka usiku ule kwa sababu ya homa, basi mazungumzo ya bei yakageuka kuwa mazungumzo ya malaria, na malaria ikaleta dawa. Mzee mmoja akasema kuna vidonge alipewa zamani, jina halikumbuki, vikamfanya akojoe mkojo mweusi kama Coca-Cola. Tangu hapo akipewa dawa yoyote ngeni anaigeuzageuza mkononi kama hirizi. "Kuna dawa zinanikataa, kijana wangu," akaniambia. Mama mmoja anayeanika dagaa akadakia kwamba na yeye iko iliyomkataa, tena vibaya, na hadithi yake nitaileta chini kidogo.

Pembeni kulikuwa na jamaa mmoja msomi msomi hivi. Akacheka, akasema, "Dawa haimkatai mtu. Mtu ndiye anayeikataa dawa." Watu wakacheka naye, mada ikafungwa.

Mimi sikucheka. Sentensi ya yule jamaa ndiyo tunayoisikia kila mahali, kuanzia dirisha la dawa mpaka kwenye vipindi vya redio. Mgonjwa akilalamika, basi hakumaliza dozi, au alichanganya na pombe, au alikunywa tumbo tupu, au anadeka. Na kusema kweli mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini si mara zote. Kuna watu ambao dawa inawakataa kwa sababu iliyoandikwa ndani ya damu yao kabla hawajazaliwa, na jambo hili si jipya wala si la kubahatisha. Limechunguzwa kwa zaidi ya miaka 60, na sehemu ya uchunguzi huo imefanyika hapa hapa kwetu. Ninachodai leo ni kwamba elimu hii tunayo, imeshaokoa watu, na bado tunawatibu wagonjwa kana kwamba haipo.

Hebu nianze na namna dawa inavyofanya kazi, kwa lugha ya mwaloni. Boti likitia nanga na mzigo, kasi ya kuushusha inategemea makuli waliopo. Wakiwa kumi, saa moja tu ufukwe ni mweupe. Wakiwa wawili, mzigo unarundikana, na kabla haujaisha boti la pili limeshafika. Kwenye ini lako kuna makuli wa namna hiyo, wanaitwa vimeng'enya. Kazi yao mojawapo ni kuivunjavunja dawa ili itoke mwilini. Idadi yao na nguvu zao zinatokana na vinasaba ulivyorithi kwa baba na mama. Mwenye makuli wengi, dawa inaondoka kabla haijamaliza kazi. Mwenye makuli wachache, kidonge cha leo kinakikuta cha jana, na cha kesho kitavikuta vyote viwili, mpaka dawa inageuka sumu. Kidonge ni kile kile, na maelekezo kwenye pakiti ni yale yale.

Hiyo ni njia moja. Njia nyingine ni pale dawa inapokuta udhaifu fulani mwilini ambao bila dawa hiyo usingejitokeza kamwe. Hapa ndipo panapoingia mkojo wa yule mzee. Siwezi kusema kwa hakika kilichompata, mimi si daktari, na malaria kali yenyewe inaweza kuleta mkojo mweusi. Ila alichosimulia kinafanana sana na kisa ambacho dunia ilikifahamu kupitia gereza.

Miaka ya 1940 na 1950 Wamarekani walikuwa wanatafuta dawa mpya za malaria kwa ajili ya askari wao. Walizijaribu kwa wafungwa wa gereza la Stateville, jimbo la Illinois, ambao waliambukizwa malaria kwa makusudi. (Hilo la kuwaambukiza wafungwa ni mada ya siku nyingine, na lina harufu yake.) Dawa mojawapo ilikuwa primakwini. Ikaonekana kwamba takriban mmoja kati ya wafungwa kumi weusi alikuwa anapata upungufu wa damu wa ghafla, chembe nyekundu zinapasuka na mkojo unakuwa mweusi, wakati wenzake wanameza dozi ile ile na kuendelea na shughuli zao. Mwaka 1956 sababu ikajulikana. Walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ambacho hulinda chembe nyekundu zisiunguzwe na kemikali za aina fulani. Upungufu huo unarithiwa, na unawaonea zaidi wanaume, kwa kuwa kinasaba chake kiko kwenye kromosomu ya X na mwanaume ana X moja tu. Hana ya akiba.

Kwa nini wafungwa weusi? Jibu lilitoka huku kwetu. Anthony Allison, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alizunguka Afrika Mashariki akipima damu za watu wa pwani, wa maziwa na wa milimani. Mwaka 1954 alionyesha kwamba kinasaba cha selimundu kimejaa pale palipojaa malaria, kwa sababu ukirithi kimoja tu kinakukinga na malaria kali. Mwaka 1960 akaandika kuhusu G6PD kwa watu wa Afrika Mashariki, na mtiririko ukawa ule ule. Ina maana malaria yenyewe, kwa kuua watoto karne baada ya karne, ndiyo iliyotuchagulia damu hii. Halafu tukaletewa dawa ya malaria inayoipasua damu ile ile.

Kichekesho? Ngoja kwanza. Mwaka 2003 dawa mpya ya malaria iitwayo Lapdap ilipata kibali Uingereza. Ilibuniwa kwa ajili ya Afrika, ilikuwa ya bei nafuu, na ilisubiriwa kwa hamu kwa sababu klorokwini ilikuwa imeshakufa na SP inaelekea huko. Ilijaribiwa pia kwetu, Muheza. Ndani yake kulikuwa na dapsoni, na dapsoni ilijulikana tangu zamani kwamba inaweza kupasua chembe nyekundu za mwenye upungufu wa G6PD. Baadaye ikachanganywa na dawa ya jamii ya artemisinini na kufanyiwa majaribio makubwa kwa watoto na vijana wa Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria na Tanzania. Wenye upungufu wa G6PD damu yao ilishuka vibaya, baadhi yao ikabidi waongezewe damu. Mwaka 2008 Lapdap ikaondolewa sokoni na ile mpya ikafia njiani.

Naomba mlitafakari hilo. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika ilikwama kwa sababu ya kinasaba kilichoenea Afrika, na kilichoandikwa vitabuni tangu 1956. Na mtoto wa Kiafrika ndiye aliyelipa, kwa damu yake.

Sasa upande wa pili, ili msidhani ni habari mbaya tupu. Primakwini yenyewe haikutupwa. Ina sifa moja nzuri sana: inaua vile vimelea vya malaria vinavyosubiri mbu awanyonye na kuvipeleka kwa jirani. Dozi iliyokuwa ikishauriwa ni miligramu 0.75 kwa kila kilo ya uzito. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likashusha mpaka 0.25, dozi moja tu, tena bila kulazimika kupima G6PD, kwa hesabu kwamba kiasi hicho kinatosha kuzuia maambukizi na hakitapasua damu ya mtu. Je, ni kweli? Watafiti wa Kitanzania wakaipima Bagamoyo, pamoja na dawa ya mseto ya kawaida, na matokeo yakachapishwa 2016. Dozi ile ndogo haikuleta balaa hata kwa wenye upungufu.

Mmeona kilichofanyika? Hakuna aliyelazimika kuwapima vinasaba wanakijiji wote wa Tanzania. Ujuzi wa vinasaba ulitumika kuchagua dozi inayomfaa kila mtu, aliyepimwa na asiyepimwa. Nalisema hili mapema kwa sababu najua kuna wadau wameshakunja uso wakiwaza kwamba nataka kila zahanati iwekewe mashine ya mamilioni. (Na kabla mtu hajaanza kuiogopa dawa ya mseto ya ALu kwa sababu yangu: haimo kwenye orodha ya dawa zinazopasua damu ya wenye upungufu wa G6PD. Imezeni, mmalize.)

Turudi kwa mama wa dagaa. Ameniruhusu kusimulia bila kumtaja. Alianza ARV miaka ile ambapo kidonge cha wengi kilikuwa na efavirenzi ndani yake. Usiku wa kwanza aliota ndoto, anasema, "si ndoto za kawaida, ni sinema." Usiku wa tatu akaamka anapiga kelele. Mchana anayumba kama mtu aliyelewa, na kazi yake ni kuinama juani siku nzima. Ndugu wakasema ni majini. Akapelekwa kunakopelekwa watu wenye majini. Kliniki alipoeleza aliambiwa azoee, itapita. Kwa wengi inapita kweli. Kwake haikupita, akaanza kuruka siku. Anameza leo, kesho anapumzika ili alale. Kila anayejua habari za ARV anajua mwisho wa mchezo huo: virusi vinajifunza kuishi na dawa.

Efavirenzi inavunjwavunjwa na kimeng'enya kinachoitwa CYP2B6. Kuna toleo la kinasaba hicho ambalo hufanya kazi polepole, na ukilirithi kwa baba na kwa mama pia, kiwango cha dawa kwenye damu yako kinapanda juu sana kuliko cha jirani yako. Toleo hilo limeenea Afrika kuliko Ulaya. Dozi ya miligramu 600 iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na dozi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya dunia nzima. Ukitazama kwa jicho la makuli wetu, boti lilijazwa kwa hesabu ya bandari yenye makuli wengi, likaletwa kushusha kwenye bandari yenye wachache.

Zimbabwe ndiko walikolipigia kelele zaidi. Mtafiti wao Collen Masimirembwa na wenzake wa Harare walikuwa wameshaonyesha kwamba takriban Mzimbabwe mmoja kati ya watano amebeba nakala zote mbili za toleo la polepole. Nchi ilipohamia kwenye kidonge kimoja chenye efavirenzi kwa wagonjwa wengi, mnamo 2015, malalamiko ya ndoto mbaya na kuchanganyikiwa yakaja kama alivyotabiri. Kwetu nako hatukulala. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Karolinska ya Sweden waliwalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia wanaotumia efavirenzi, wakachapisha 2013. Toleo la polepole lilionekana zaidi kwa Watanzania. Na kuna la ziada: hata walipolinganisha watu wenye toleo lile lile la kinasaba, bado Watanzania walikuwa na dawa nyingi zaidi kwenye damu kuliko Waethiopia. Kwa hiyo hata kinasaba hicho kimoja hakimalizi hadithi.

Mwaka 2014 utafiti mmoja wa kimataifa ulionyesha kwamba miligramu 400 zinafanya kazi sawa na 600. Wengi wangeweza kulala usingizi wao. Lakini mabadiliko makubwa kwetu yalikuja 2019 tulipohamia kwenye kidonge chenye dolutegraviri, ambacho hakitegemei kimeng'enya kile. Yule mama alibadilishiwa, na majini yakahama siku hiyo hiyo. Yeye mwenyewe anacheka akisimulia. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa, kwa sababu nilikuwa nahesabu miaka aliyoambiwa azoee.

Kuna ndugu zangu wa mijini ambao wakisikia "tofauti za vinasaba" mara moja wanaruka kwenye rangi. Wanasema basi Waafrika tupewe dozi yetu na Wazungu yao, mambo yaishe. Hapana. Hili ndilo kosa la pili, na ni baya kuliko la kwanza. Nitalieleza kwa kupanda boti linalotoka hapo hapo Kibirizi kuelekea Gombe.

Gombe mnaijua, ndiko Jane Goodall alikofika 1960 kuwachunguza sokwe. Wasichojua wengi ni kwamba baadhi ya sokwe hao wana virusi vilivyo ndugu na VVU. (Janga letu la binadamu halikutoka Gombe, lilitoka kwa sokwe wa upande wa Kameruni, tusije tukaua utalii.) Mwaka 2015 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya kinga vya sokwe 125 wa Gombe. Walikuta matoleo 11 ya kinasaba kimoja, na mojawapo linafanana sana na toleo la binadamu liitwalo HLA-B*57. Sokwe wenye toleo hilo walionekana kuwa na virusi vichache zaidi. Na kwa binadamu, HLA-B*57 ndilo toleo linalojulikana kuliko yote kwa kuchelewesha makali ya VVU. Yaani sokwe wa Gombe na baadhi yetu wanapigana vita ile ile kwa silaha inayofanana.

Sasa sikilizeni sehemu inayonifanya nilete habari hii. Aina moja ya HLA-B*57, ile ya 57:01, ina ubaya wake. Mwenye nayo akipewa dawa ya ARV iitwayo abakaviri anaweza kupata mzio mkali: homa, vipele, kutapika, pumzi kubana. Akiacha akapona, kisha akaimeza tena, anaweza kufa. Tangu utafiti mkubwa wa 2008, Ulaya na Marekani mgonjwa hapewi abakaviri kabla ya kupimwa kinasaba hicho. Na Afrika? Kwa muda mrefu jibu la kawaida lilikuwa kwamba kwa Waafrika ni nadra, hakuna haja.

Waafrika wepi? Mwaka 2010 walipotazama takwimu za mradi wa kimataifa wa vinasaba, Wayoruba wa Nigeria walikuwa na asilimia 0 ya toleo hilo. Waluhya wa Webuye, Kenya, asilimia 3.3. Wamaasai wa Kinyawa, Kenya hiyo hiyo, asilimia 13.6. Hiyo ya Wamaasai ni kubwa hata kuliko ya Ulaya! Ni sampuli ndogo, nakubali, lakini tofauti kati ya Mluhya na Mmaasai wanaopanda basi moja kwenda Nairobi ni kubwa kuliko tofauti ambayo watu walidhani ipo kati ya "Mwafrika" na "Mzungu". Na abakaviri si dawa ya makumbusho. Watoto wetu wanaoishi na VVU wanaitumia leo.

Kwa hiyo neno "Mwafrika" kwenye suala la dozi ni kama neno "samaki" pale mwaloni. Ukimwambia muuzaji unataka samaki atakuuliza, mgebuka au kuhe? Na usije ukadhani kubadilisha "Mwafrika" kuwa "Mmaasai" kunamaliza tatizo. Wengi wa Wamaasai wale hawakuwa na toleo hilo. Hesabu za kabila zinamsaidia mpanga sera ajue pa kuangalia, lakini hazimwambii daktari kilichomo ndani ya huyu aliyekaa mbele yake. Hapo Kibirizi boti moja linaweza kubeba Muha wa Kasulu, mjukuu wa Wamanyema wa Ujiji ambao babu zao walivuka ziwa, Mrundi aliyekuja kama mkimbizi, Mbembe kutoka ng'ambo na Mwarabu wa dukani. Utawapa dozi kwa kuangalia nini, pua?

TB niipitie haraka, maana ni hadithi ya makuli tena. Isoniazidi huvunjwa na kimeng'enya ambacho kwa watu wengine ni cha polepole na kwa wengine ni cha kasi. Wa polepole wako kwenye hatari zaidi ya ganzi na moto wa nyayo, na ya ini kuumia. Wa kasi wanaweza kupata dawa pungufu. Wajapani walichapisha 2013 jaribio la kumpa kila mgonjwa dozi kulingana na kinasaba chake, na ini za wale wa polepole zikasalimika. Kwetu tuna njia ya bei ya chini kuliko hiyo kwa upande wa ganzi: vitamini B6. Mgonjwa akisema nyayo zinawaka, hilo ni neno la kitabibu, si deko.

Selimundu pia ni suala la kinasaba na maambukizi, ingawa hatulioni hivyo. Tanzania huzaliwa takriban watoto 11,000 kila mwaka wenye ugonjwa huo, tuko miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani. Mtoto huyo anatakiwa kukingwa na penisilini kila siku mpaka afikishe miaka mitano, kwa sababu bandama lake haliwezi kumlinda na vijidudu ambavyo mwenzake anavishinda. Kinasaba kinabadilisha matibabu hapa bila ubishi wowote, na kipimo chake ni cha bei ndogo. Lakini watoto wangapi hupimwa siku wanapozaliwa?

Najua swali linalokuja. "Bwana mwandishi, zahanati haina hata panadol, wewe unatuletea vinasaba." Hoja hiyo naiheshimu, na nimewahi kuitoa mwenyewe kuhusu mambo mengine. Ila itazameni vizuri. Umaskini ndio unaotufanya tushindwe kumudu dozi isiyofaa. Mgonjwa wa London dawa ikimkataa atabadilishiwa wiki ijayo. Wa Kagunga atapanda boti saa kadhaa, alipe nauli, aambiwe azoee. Akiacha dawa, TB yake au VVU vyake vinakuwa sugu, na dawa za ugonjwa sugu ndizo ghali kweli kweli.

Pia si kila dawa inayoshindwa imeshindwa kwa sababu ya mwili wa mgonjwa. Vijidudu navyo vina vinasaba vyao. Huko Kagera watafiti wetu wakiongozwa na NIMR wamekuta vimelea vya malaria vilivyobadilika na kuanza kuisumbua artemisinini, na Kagera si mbali na Kigoma. Ndiyo sababu nyingine ya kumsikiliza mgonjwa: huwezi kujua kama tatizo liko kwake au kwenye kimelea kama ulishaamua kwamba tatizo ni uzembe wake. Na wewe msomaji, tafadhali, usiache dozi kwa sababu umesoma habari hii. Rudi ulikopewa, ueleze, ung'ang'anie kuandikwa.

Kuandikwa ndilo neno. TMDA, ile iliyoitwa TFDA mpaka 2019, inapokea taarifa za madhara ya dawa, kutoka kwa wahudumu na hata kutoka kwa wagonjwa wenyewe. Pale Kibirizi niliuliza watu kama kumi na mbili. Hakuna aliyewahi kusikia kwamba malalamiko yake yana pa kwenda. Kisa cha mkojo mweusi cha yule mzee hakipo kwenye karatasi yoyote duniani, isipokuwa daftari langu.

Na ndivyo ilivyo kwa damu zetu kwa ujumla. Mwaka 2016 watafiti wawili walihesabu washiriki wa tafiti za aina moja ya vinasaba duniani: asilimia 81 walikuwa wenye asili ya Ulaya, asilimia 3 tu wenye asili ya Afrika. Waganda wamejaribu kupunguza pengo hilo. Mwaka 2019 walichapisha vinasaba vya watu 6,400 hivi wa vijijini Kyamulibwa, wakiwemo wenye asili ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Kazi ya namna hiyo ingefanyika kwenye mwambao huu wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo watu wa nchi nne wamekuwa wakioana kwa karne kadhaa, tungejua mambo ambayo hayawezi kujulikana Stockholm wala Boston. Ila isiwe ya kuchukua damu na kupotea. Wazee wa hapa wana kumbukumbu ndefu ya watu waliokuja na sindano, wakaondoka na chupa.

Wakati tukisubiri hayo makubwa, kuna dogo ambalo halihitaji mfadhili. Kadi ya kliniki ina nafasi ya uzito, ya presha, ya tarehe ya kurudi. Iongezwe mistari miwili: dawa gani iliwahi kukukataa, na ilikukataaje. Wafamasia na manesi mnaosoma hapa, hasa mlioko mikoani, niambieni kama kuna kinachozuia.